Nyaya za Keko
Daftari la Somoe binti Kondo, masika ya 1955

Jumatatu, 14 Machi

Daftari hili kaninunulia mwanangu Jabiri mjini. Nilipomwambia nataka kuandika aliniuliza mama utaandika nini, nikamwambia nitakuandika wewe. Akacheka mpaka akaketi.

Nilisoma madarasa matatu, na kabla ya hapo chuoni kwa marehemu baba. Hati yangu imenyooka kwa sababu tulichapwa viganja mpaka herufi zikatii. Wanawake wengi wa rika langu wakipewa karatasi wanatia dole gumba. Mie natia jina langu lote, na mstari chini yake.

Basi ajue anayesoma: mie ndiye mama yake Jabiri wa redio. Ukifika Keko ukauliza nyumba yangu, hata mgeni wa jana atakuonyesha.

Jumatano, 16 Machi

Mvua ya kwanza. Nimekinga mapipa mawili.

Ijumaa, 18 Machi

Leo nieleze redio yenyewe, maana iko siku wajukuu watasoma.

Jabiri alikwenda vitani Bama kupigana na Wajapani, na huko jeshini wakamfundisha simu za waya. Aliporudi akawa anatengeneza redio za watu mjini. Mwaka juzi akaweka mtambo chumba cha uani kwangu. Mtambo unashika stesheni ya mjini, halafu nyaya zinatoka dirishani, zinapita juu ya nguzo na kuingia nyumba arobaini na moja. Kila nyumba ina sanduku la mbao ukutani. Mwenye nyumba hana betri wala kitu cha kuzungusha, sanduku linasema lenyewe.

Saa kumi na moja na nusu jioni Jabiri anaketi, anakohoa mara moja, anasema, "Keko, habari za jioni." Hapo ni sie kwa sie: mbuzi wa nani kapotea, harusi ya nani imesogezwa, kisha nyimbo za chama chetu. Saa kumi na mbili anafungulia mjini. Ila pakiwa na msiba hangoji jioni. Hata iwe asubuhi anawasha mtambo, anamtaja marehemu na saa ya maziko.

Zamani ukifiwa ulituma watu, wawili huku wawili kule, wapite kila mlango. Sasa hatutumi mtu. Unamwambia Jabiri. Akisema, nyumba zote zimesikia. Asiposema, hakuna aliyekufa.

Ni kweli mtambo ulinunuliwa na chama chetu cha ngoma, Shamsi, sie wanawake thelathini na kitu, kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Mie nilitoa bangili zangu za fedha. Nguzo walizikata waume zetu kule Pugu wakazibeba mabegani. Masanduku yote aliyatengeneza Marijani seremala, hakutaka ujira. Hayo siyakatai. Lakini mtambo bila mtu ni chuma tu, na mtu mwenyewe katoka tumboni mwangu.

Jumapili, 20 Machi

Mvua. Kunguru kajenga juu ya nguzo ya tatu, Jabiri hataki kumbomolea.

Jumanne, 22 Machi

Kaja Mwajabu. Ndiye kiongozi wa Shamsi, na ni shoga yangu tangu tulipotolewa unyago siku moja. Yeye ndiye aliyempokea Jabiri siku nilipojifungua, mkunga alikuwa kakwama mvuani. Kwa hiyo ana haki ya kunitania, na anaitumia. Kila siku husema jua la Keko halizami mpaka mwana wa Somoe akohoe.

Leo hakuja na utani mwingi. Kasema Magomeni nako walikuwa na nyaya zao kama zetu, na Ilala pia, na Kampuni moja ya mjini imezinunua zote. Sasa masanduku ya Magomeni yanasema kinachosemwa mjini tu. Binamu yake wa huko kamwambia juzi walimaliza khitma nzima jirani hajui.

Nikamwambia huko hawana mtu kama Jabiri. Akaniangalia, akasema, "Hawana mtu, au hawana mama yake mtu?" Tukacheka wote wawili.

Alhamisi, 24 Machi

Leo nina la kuandika.

Saa nne asubuhi mvua inanyesha, Jabiri kaenda mtaa wa Gerezani kuchajisha betri, akaja kijana barazani kwangu kakunja suruali, viatu kavishika mkononi. Shikamoo mama. Nikamwitikia, nikampa kigoda, nikamwekea chai. Jina lake Audax, mtu wa Bukoba, karani wa Kampuni. Mpole, ana kucha safi. Kasema Kampuni imesikia sifa za Keko mpaka ofisini, na mabwana wakubwa wanauliza ni fundi gani huyo aliyevuta nyaya kwenye nguzo za msituni na hazikatiki. Nikamwambia habari za Jabiri tangu kunyonya. Alisikiliza zote, hata ile ya surua.

Kisha akauliza, "Mama, hii mitambo na hizi nyaya ni mali ya nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Mwanamke yeyote wa Shamsi angemjibu usingizini. Lakini aliyeulizwa ni mie, kwenye baraza langu, na kikombe changu kiko mkononi mwake.

"Ya mwanangu," nikasema.

"Yote?"

"Hata misumari."

Akatoa karatasi, imepigwa taipu kwa Kiswahili kizuri. Akasema serikali haitaki nyaya zisizo na mwenyewe, na Kampuni haiwezi kuzungumza na mtu mpaka ijue ndiye mwenye mali, kwa hiyo mzazi akishuhudia inatosha. Akafungua kile kidude cha wino wa dole gumba akakiweka magotini pangu.

Nikamwambia afunge. Nikamwomba kalamu.

Sikutia saini gizani, niandike na hilo. Niliisoma mara mbili. Inasema mimi, Somoe binti Kondo, mzazi, nashuhudia kwamba mtambo, nyaya, nguzo na masanduku yaliyoko Keko ni mali halisi ya Jabiri, na hakuna mtu mwingine mwenye fungu. Niliirudia kwa utamu wake. Sijawahi kuona jina la mwanangu limepigwa taipu. Nikatia jina langu lote, na mstari chini.

Audax akaitazama, akasema, "Mama, una mwandiko wa karani."

Nimekaa na neno hilo kutwa.

Jumatatu, 28 Machi

Jabiri kaitwa mjini, karudi hakai. Kampuni inataka kununua, na yeye watamchukua kazini, huenda akatangaza mji mzima, Ilala, Magomeni, Temeke, mpaka Kinondoni. Nikapiga kigelegele peke yangu uani. Mkewe Tunu akatoka jikoni kuuliza nani kaolewa.

Baadaye Jabiri akaniuliza, "Mama, uliwaambia ni yangu?"

"Si yako?"

Akasema, "Na chama je?"

Nikamwambia chama watakusikia kwenye masanduku yale yale, ila na mji nao utakusikia. Nani atakataa mtoto wao asikike mji mzima? Akachezea kijiko kwenye chai. Namjua mwanangu, akitaka kukataa hukataa upesi. Hakukataa.

Jumamosi, 2 Aprili

Jabiri katia saini. Nilipanga kuwaambia wenzangu wa Shamsi kesho, lakini nimewaambia leo leo, siwezi kukaa na jambo. Nimewaambia Kampuni inatuongezea nguvu. Wakashangilia. Mwajabu kauliza, nguvu ya bure? Nikamwambia ya bure.

Alhamisi, 7 Aprili

Mvua, mvua. Choo kimejaa maji.

Jumatatu, 11 Aprili

Wamekuja na gari wakachukua mtambo. Nyaya zetu wameziunga kwenye waya mnene wa Barabara ya Kilwa. Hawakukawia, hata chai hawakunywa. Chumba cha uani kitupu, ukutani pamebaki alama nyeupe pale mtambo ulipokaa. Kuku wameshaingia.

Jumatatu, 18 Aprili

Leo Kampuni imeanza. Wenzangu walijaa kwangu, ingawa kila mtu ana sanduku lake. Nilipika kisamvu, nilitandika mikeka miwili, nilivaa khanga mpya.

Saa kumi na moja na nusu sanduku likapiga muziki wa matarumbeta. Halafu mtu akasoma bei ya mkonge na bei ya pamba. Akasoma meli zilizotia nanga. Sauti nzuri, safi, haina kwao. Halafu matarumbeta tena. Saa kumi na mbili ikafika.

Mwajabu akasema, "Mwanao yuko wapi humo?"

Nikasema kesho.

Jumatano, 20 Aprili

Jabiri wamempa sare ya buluu, koleo na ngazi. Kazi yake ni kupanda nguzo. Kutangaza wamemwambia hapana, sauti yake ina Keko ndani yake, mtu wa Kinondoni hataielewa. Nikamuuliza kwani sie Keko tunazungumza Kigiriki? Hakucheka.

Watu nimewaambia kapandishwa cheo.

Jumapili, 24 Aprili

Mwezi umeonekana jana. Leo tumefunga. Sanduku limepiga kaswida, jambo zuri.

Ijumaa, 29 Aprili

Haya ni ya jana. Jana sikuweza.

Marijani seremala kafariki. Ni ndugu yake Mwajabu, tumbo moja. Alikula daku akalala, asubuhi hakuamka. Mwajabu alikuja kwangu saa mbili, hakulia, akasema, "Mwambie Jabiri atangaze. Tunazika alasiri."

Miguu yake ndiyo iliyozoea njia ile. Na mie nikaondoka kama nilivyozoea, nikafika hadi mlango wa chumba cha uani, nikaona kuku.

Jabiri alikuwa juu ya nguzo huko Temeke. Nikachukua mwavuli nikaenda mjini kwa miguu, nimefunga, mvua ya kupofua. Nilifika ofisi ya Kampuni karibu na saa nne. Audax akanipa kiti na taulo. Nikamwambia nina tangazo la msiba, la Keko tu, halichukui muda. Akaingia ndani, akatoka na karatasi. Matangazo ya watu binafsi yaletwe kwa maandishi siku tatu kabla.

Nikamuuliza, "Siku tatu kabla ya nini?"

Aliisoma tena karatasi. Akasema, "Kabla ya tukio, mama."

Hakuwa ananidhihaki. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Akaingia ndani mara ya pili kuniombea, nikasikia mtu anazungumza Kizungu taratibu, bila hasira. Audax akatoka, akasema sanduku ni moja la mji mzima sasa, wakifungua mlango kwa Keko watafungua kwa wote, kila siku itakuwa ni vifo tu. Kasema pole mama. Kanipa mwavuli wangu.

Nilirudi nikafika kabla ya adhuhuri. Na hapa ndipo pagumu kuandika. Saa bado zilikuwepo. Keko si kubwa, mtu mmoja akipita upesi anaimaliza kabla ya alasiri. Lakini hatukutuma mtu. Si mie, si Mwajabu, si waliokuwa wanaosha maiti. Nilimwambia Mwajabu wamekataa, akasema haya, tukaketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wa nyumba tatu za karibu, tukangoja watu waje. Tulikuwa kama wenye kungoja sufuria ichemke na moto hatujawasha. Huko majumbani nao wamefunga, mvua inanyesha, wako chini ya masanduku yao, na masanduku hayakusema, kwa hiyo hakuna aliyekufa.

Wanaume walikuwa kumi na mmoja. Jabiri hakuwepo, habari ilimfikia magharibi. Jeneza hupokezanwa mabega, mtu hachukui hatua nyingi, anatoka mwingine anaingia. Hawa hawakuwa na wa kuwapokea. Pale kwenye mteremko wa makaburini, tope lilipofika kwenye vifundo, waliliweka chini. Wakapumua, wakaliinua. Wakaliweka tena.

Miaka yangu yote sijasikia jeneza linawekwa chini njiani. Waliweka mara mbili. Mwajabu kaambiwa na wanaume, kasema haya.

Tulifuturu. Sanduku lilikuwa linapiga kaswida.

Jumamosi, 30 Aprili

Watu wamekuja tangu asubuhi na nyuso za aibu. Wote wanasema neno moja, hatukusikia. Mzee mmoja aliyecheza bao na Marijani miaka ishirini kakaa chini ya sanduku la ukutani kwa Mwajabu, akaligonga kwa kidole kama anaipima nazi. Kalitengeneza marehemu mwenyewe.

Jumapili, 1 Mei

Mvua. Nimefua, hazikauki.

Jumanne, 3 Mei

Shamsi tumekutana kwa Mwajabu baada ya futari. Kaitwa Jabiri. Alikaa karibu na mlango.

Mwajabu aliuliza kwa upole mtambo wao uko wapi. Jabiri akasema kauza. Wakauliza kauzaje kisicho chake peke yake, Kampuni yote ile ikakubali kununua kwa mtu mmoja bila kuuliza? Nani aliwaambia ni chake?

Jabiri aliangalia mkeka. Alijua, na alijua kuwa najua. Akasema, "Mimi nimeuza. Niulizeni mimi."

Mie nilikuwa karibu na sinia la tende, nazitoa kokwa. Nilikuwa na ulimi. Nilitoa kokwa za tende zote mpaka sinia likaisha, na hakuna aliyeniambia nizitoe.

Ijumaa, 6 Mei

Tunu anasema watu hawamwitikii salamu kisimani. Mwezi huu kila jioni visahani hupita nyumba kwa nyumba, huyu kampelekea yule tambi, yule karudisha kaimati. Kwetu havijaingia siku tatu. Tunu alipeleka vyetu, vimerudi vimefunikwa vile vile.

Jumanne, 10 Mei

Mvua ya asubuhi. Nimepika uji.

Jabiri anaondoka mapema na ngazi yake, anarudi, anakula, hasemi. Zamani ningemwandikia ukurasa. Nimemwangalia leo anavua viatu, nikaona ni mwanaume wa makamo aliyelowa. Sikuona kitu kingine. Nimejaribu.

Jumatano, 11 Mei

Hakuna.

Jumamosi, 14 Mei

Mwajabu anakwenda kwa Bwana Shauri, ofisa wa serikali, Jumatatu. Atamshitaki Jabiri kwa wizi, chama chote kimekubali. Kanijia mwenyewe kuniambia, kasema hataki nisikie barabarani.

Nilikuwa nachambua mchele. Nikamwambia, "Shoga, aliyesema ni yake ni mie."

Hakushituka. Akavuta kigoda akaketi. "Ulimwambia nani?"

"Karani. Alikuja wakati Jabiri hayupo. Nikatia saini."

"Ulijua unachotia?"

"Nilisoma mara mbili."

Akachukua ungo wangu, akaendelea kuchambua ule mchele, chuya huku mchele huku. Akachambua mpaka mwisho. Akasema, "Siku ile kwenye mkeka, mtoto anajitia kitanzi, ulikuwa unatoa kokwa."

"Ndiyo."

"Jumatatu tutakwenda wote. Nataka kuiona hiyo karatasi."

Nilitarajia nitalia baada ya kuondoka. Nilipika ule mchele.

Jumatatu, 16 Mei

Hatukwenda kwa Bwana Shauri kwanza, tulikwenda Kampuni. Audax alitutolea karatasi kutoka kwenye jalada. Nikasema nataka kuifuta, nilisema uongo, mali ni ya chama.

Audax akafunga mlango. Akasema, "Mama, nisikilize kama mwanao. Kufuta unaweza. Lakini ukifuta, basi Jabiri kauza mali ya watu, na Kampuni itataka afungwe ili isionekane imenunua kwa mwizi. Mtambo wenyewe hamtaupata. Walishaufungua vipande, wamechukua taa zake za ndani."

Mwajabu hajui kusoma. Akaninyooshea karatasi, akasema, "Nisomee."

Nikamsomea, mtambo, nyaya, nguzo na masanduku. Akasema, "Rudia pale pa nguzo na masanduku." Nikarudia. Mumewe marehemu alibeba nguzo kutoka Pugu, na masanduku ni ya Marijani. Akasema, "Na hapo chini?" Nikasema hapo chini ni jina langu. Akaweka kidole juu ya jina, akafuata ule mstari mpaka ulipoishia.

"Umeandika vizuri," akasema.

Kisha akamrudishia Audax. "Weka karatasi yako. Sitamfunga mtoto niliyempokea mimi kwa ajili ya mdomo wa mama yake."

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika Gerezani akasema mvua inapungua. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 21 Mei

Mwajabu kawaambia Shamsi wote, mie nikiwepo. Nilidhani watanipigia kelele. Waliniangalia, wakaendelea kushona vilemba vya sikukuu. Jioni kisahani cha tambi kimeingia kwetu, kwa jina la Jabiri na Tunu. Mie sikutajwa.

Jumatatu, 23 Mei

Idi. Nilikwenda kumpa Mwajabu mkono. Akanikalisha, akanipa biriani, akaniambia hukumu yangu nikiwa na tonge mkononi.

"Kuanzia leo Keko ikifiwa, wewe ndiye utakayepita. Nyumba zote arobaini na moja. Iwe mvua, iwe jua, uwe umefunga au hukufunga."

Nikamuuliza mpaka lini.

"Mpaka siku ya kuniitia mimi watu. Hiyo nayo utapita. Baada ya hapo shauri yako."

Nikasema sawa. Biriani ilikuwa na chumvi kidogo.

Jumanne, 31 Mei

Jua. Nimeanika magodoro.

Ijumaa, 3 Juni

Kampuni imemaliza na Temeke. Jabiri ndiye aliyeunga waya wa mwisho.

Alhamisi, 9 Juni

Kafariki Atuganile, mpangaji wa nyumba ya kona, mtu wa Tukuyu, Mkristo. Alikuja Keko na mume aliyefanya kazi bandarini, mume akafa, yeye akabaki anauza vitumbua. Hana ndugu hapa. Mwajabu alinijia saa nne. Kasema anazikwa saa tisa, padri kashaambiwa, nenda.

Nimevaa khanga ya kushindia nikaenda.

Saa hizo masanduku yote huwa yanasema. Nyumba ya kwanza nikabisha hodi, wakanionyesha mkono ningoje, kuna matokeo ya mpira yanasomwa. Nikangoja kidogo. Halafu sikungoja. Nikasema juu ya sauti ya sanduku, Atuganile wa vitumbua kafariki, anazikwa saa tisa. Wakasema nani? Nikarudia. Nyumba ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Sanduku lina sauti ambayo haichoki, wala halina haja ya kumeza mate. Nilipofika nyumba ya ishirini koo langu lilikuwa linakwaruza, na watu wananitazama midomo. Hakuna aliyeniita mama wa Jabiri. Wengine waliniita wewe mama.

Kwenye nguzo inayofuata nikamkuta Jabiri juu ya ngazi, koleo mkononi, ndiyo kwanza kafungua ule waya mnene anaurekebisha. Nikasimama chini. Nikamwambia kama nilivyowaambia wengine, kwa maneno yale yale, Atuganile wa vitumbua kafariki, anazikwa saa tisa.

Akaniangalia kutoka juu. "Watu wanatosha?"

"Sijui. Nimefika nusu."

Akasema, "Nimesikia, mama." Akateremka. Koleo akaliweka kwenye kidato cha ngazi, akavua kofia ya Kampuni akaitundika juu yake. Ncha za waya zilibaki zinaning'inia, moja huku moja kule. Nikamwambia hujaunga. Akasema anajua. Akaelekea nyumba ya kona, na njiani akawagongea mafundi wa samani, mmoja mmoja, wakaacha randa zao wakamfuata.

Saa tisa watu walijaa mpaka barabarani. Wabebaji walipokezana, hakuna aliyechukua zaidi ya hatua kumi. Kampuni watamfanya nini sijui. Audax kashakuja kuuliza kwa nini Keko yote ilinyamaza, nikamwambia amuulize mwenyewe, yuko makaburini.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Miguu inaniuma, nimeitia kwenye maji ya moto.

Niandike tu kilichokuwa. Tangu ile nguzo, nyumba zilizobaki masanduku yalikuwa kimya ukutani. Nilipobisha hodi walinisikia mara moja. Nilisema jina la marehemu na saa ya maziko, kwa sauti ya kawaida.